Plagi Iko Mfukoni Mwangu

Jumatatu, 4 Machi

Vita vimeanza. Babu alifariki mwaka jana, na injini yake ya boti bado imening'inia kwenye pipa la maji ndani ya banda la nyuma, vilevile alivyoiacha. Leo mjomba alitaka kuipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, pamoja na boti yenyewe. Bibi akagoma. Akasema mjukuu atakayeiwasha kabla Jumamosi haijaisha, boti na injini ni vyake. Isipowaka, mjomba alete mkokoteni.

Wajukuu wanaoitaka ni wawili. Mimi, mwenye shahada ya fizikia. Na binamu yangu, anayeitwa Injinia kwa sababu anavaa ovaroli. Kazi yake ni kuosha magari. Siandiki hivyo kwa dharau. Naandika kwa usahihi.

Boti ni yangu. Babu alinifundisha kuiongoza ziwani, akaniambia kwamba mimi ndiye nahodha wake. Mngurumo wa ile injini ndio kitu pekee cha Babu ambacho hakikuzikwa. Haiwezekani uishie kwenye mizani ya vyuma. Wala kwa mwosha magari.

Injinia kasema nianze mimi, nivute hadi Ijumaa. Yeye Jumamosi asubuhi inamtosha. Eti mwanamume havuti mara mbili. Kiburi!

Jumanne, 5 Machi

Plagi nimeisugua kwa msasa. Cheche ya buluu, safi. Kabureta nimeifungua, nikaiosha, nikairudisha, na hakikubaki kinati mkononi. Kimebaki kimoja, lakini hakionekani kuwa cha muhimu. Petroli mpya. Oili kwa kipimo. Nikazungushia kamba kwenye gurudumu la juu, nikavuta.

Kimya. Tena. Kimya.

Si kimya cha kitu kibovu. Kimya cha mtu anayekusikia.

Bibi alikuwa mlangoni na ungo wake wa mchele. Akauliza kama nimeiamkia. Nilijua tutafika hapo. Babu aliinunua ikiwa tayari kikongwe, imemzidi umri, basi kila asubuhi aliipa shikamoo, akasubiri kidogo, ndipo akavuta. Nilidhani ananichekesha mimi. Nikamweleza Bibi kwa upole kwamba chuma hakina umri, kina kutu. Akasema haya, mke mwenzangu, vuta, angalau mikono itanenepa.

Jumatano, 6 Machi

Asubuhi nimekuta kamba imeshazungushwa kwenye gurudumu. Jana niliitundika msumarini mwenyewe! Tena imefungwa na mtu wa shoto, fundo liko upande wa pili. Babu alikuwa wa shoto.

Ni Injinia, nani mwingine. Anataka kunitia wazimu. Nikamfuata anakooshea magari. Akaapa hajakanyaga mle. Akasema banda lile linamsisimua mwili, hata akiwa na haraka hulizunguka. Na nikitaka ushauri wake, yeye angeiamkia tu, salamu haimuui mtu. Mwongo mkubwa.

Nimelifunga banda kwa kufuli. Ufunguo nimeuvaa shingoni.

Alhamisi, 7 Machi

Kufuli limefungwa. Ufunguo shingoni. Kamba imezungushwa.

Kifuniko cha injini kina joto, kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Maji ya pipa yanachora viduara, na upepo haupo. Maelezo: jua. Banda halina dirisha. Basi jua limepitia kwenye bati.

Nikavuta mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mara ya mwisho ikakohoa. Kikohozi kimoja, kikavu, halafu kikakatika, kama mtu aliyejiziba mdomo kwa mkono. Nakijua kikohozi kile. Ndicho kilichokuwa kinatangulia viatu vya Babu uani, tukaacha utundu.

Nikakaa juu ya debe nikalia kidogo. Kisha nikakagua choki ya kabureta.

Ijumaa, 8 Machi

Mpango! Nimeng'oa plagi. Injini ni ya silinda moja, plagi ni moja. Bila plagi hakuna cheche, bila cheche hakuna moto, hayo hata mbuzi angeyaelewa. Waya nimeuchomeka pembeni, kifuniko nimekirudisha. Kesho Injinia atavuta mpaka aombe maji. Nitasogea nijifanye nakagua, nirudishe plagi kimyakimya, nivute mimi, iwake, watu wanyamaze.

Kwamba haijawaka hata siku ilipokuwa na plagi, nitalifikiria kesho.

Nilipoing'oa, tundu lilivuta pumzi. Nje, ndani. Nikaweka kidole. Nje, ndani. Ni mgandamizo wa hewa tu. Niliondoka kwa mwendo wa kawaida. Karibu wa kawaida.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui niandikeje.

Familia ilijaa bandani. Mjomba na mkokoteni wake mlangoni. Injinia kaja na ovaroli iliyopigwa pasi. Bibi akamwita mume wangu, akamnong'oneza neno. Injinia akavua kofia. Akainama mbele ya pipa, mikono nyuma, kama mtoto wa shule. Akasema shikamoo.

Nikacheka. Peke yangu.

Tukangoja. Halafu maji yakagugumia chini kabisa ya pipa, yakapanda taratibu, na kinywani mwa pipa yakatoa sauti nzito, ya mtu aliyeamshwa usingizini: marahaba.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mjomba aliuachia mkokoteni, ukamwangukia mguuni, asilalamike.

Injinia akavuta mara moja. Ikawaka!

Moshi, mngurumo, bati linatetemeka. Na plagi nimeifumbata mfukoni, vidole vyangu vinaijua kona kwa kona. Nilitaka kupiga kelele kwamba haiwezekani. Lakini kusema hivyo ni kukiri. Nikapiga makofi.

Injinia alilia waziwazi. Akasema Babu alimwambia kwamba yeye ndiye nahodha wake. Mjomba akasema hata yeye aliambiwa hivyohivyo. Bibi akauliza kwani yeye aliolewa kwa maneno gani.

Wakafunga petroli. Ikaendelea. Wakachomoa mpira wa tangi. Ikaendelea. Mwisho Bibi akaipapasa kifuniko, akaiambia basi mzee, umesikika. Ikanyamaza.

Jumapili, 10 Machi

Bibi aliniita mapema. Akasema mke mwenzangu, injini haikuikataa mikono yako, ilikuwa inangoja salamu. Na Injinia mwenyewe kanitumia ujumbe kupitia kwake: boti ina nafasi, nije tushirikiane, zamu kwa zamu, yeye kuongoza hajui. Sharti ni moja tu. Niiamkie kwanza, basi.

Nusu ya boti! Kwa neno moja!

Nilisema nitafikiri. Nimefikiri. Siwezi kukipa chuma shikamoo.

Kwa hiyo Injinia ameifunga injini kwenye boti, ameondoka peke yake, anapindapinda kama kumbikumbi. Mimi nimekaa ufukweni na plagi. Hatafika mbali. Injini haiendi bila plagi, hii ni sayansi. Itazima katikati ya ziwa, atarudi kwa makasia ananyenyekea, na atanikuta hapahapa, nimetulia, na masharti yangu.

Jua limeshapita utosini. Mngurumo bado nausikia ng'ambo, haupungui, na mara mojamoja unakohoa.

Plagi imepata moto. Imeunguza mfuko wa kulia wa sketi, ukatoboka. Nimeihamishia wa kushoto.