Nusu ya Paka, Nusu ya Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya heshima kubwa. Shangazi, aliyenilea tangu nina miaka minne, amepita kibandani kwangu ninapotengeneza saa, akasema Jumamosi anaongoza kwaya kwa mara ya mwisho. Miaka thelathini na moja! Na hana hata picha moja akiwa anaongoza, maana flashi zinamuumiza macho na amezipiga marufuku ukumbini. Anataka picha moja tu, mikono ikiwa juu. Ameniomba mimi. Hakumwomba Mfamasia. Naandika tena kwa raha zangu: hakumwomba Mfamasia.

Mfamasia ana duka la dawa mkabala na kibanda changu, na ni mwenzangu katika chama cha wapiga picha. Kombe la chama limekaa kabatini kwake miaka mitatu, kati ya dawa za minyoo na dawa za kikohozi. Mashindano ni Jumatano ya wiki ijayo.

Jumanne, 4 Machi

Ukumbi ule ni giza tupu. Bila flashi, njia ni moja: unachukua filamu ya kasi ya 400, unaidanganya kamera kwamba ni ya 1600, kisha wakati wa kusafisha unaiacha kwenye dawa muda mrefu zaidi ili kufidia mwanga ilioukosa. Tunaita kuisukuma. Sijawahi kuisukuma filamu maishani mwangu. Sijamwambia mtu.

Muuza vifaa kasema aina ni mbili. Moja ina chembe laini na picha zake ni safi, lakini ukiisukuma inanuna, vivuli vyote vinakuwa lami. Nyingine ni ya kizamani, chembe zinaonekana, lakini vumilivu kama punda. Nikauliza Mfamasia hununua ipi. Ya kizamani. Nikasema nipe zote zilizopo, Mfamasia akija akute rafu tupu! Muuzaji akakuna kichwa. Mfamasia kapita asubuhi, kachukua mbili kati ya tatu, kaacha moja. Kasema mwachieni fundi saa, maskini.

Maskini! Nimeichukua hivyo hivyo.

Jumatano, 5 Machi

Sasa dawa ya kusafishia. Ya maji au ya unga? Ya maji ninayo nyumbani, huizimua sana ili isiishe. Muuzaji kasema kusukumia filamu dawa hiyo ni kumtwika mtoto gunia. Ya unga ndiyo yenyewe, ikorogwe upya na isizimuliwe. Sawa, nimenunua. Lakini niiache humo dakika ngapi?

Mfamasia anajua. Nikaenda dukani kwake na kikohozi cha kujitungia, nia yangu nichungulie karatasi aliyobandika nyuma ya kaunta. Nikakohoa mpaka nikakohoa kweli. Akaniuliza kama tatizo ni la kifua au la filamu. Kisha akaniandikia mwenyewe, kwenye lebo ya dawa: dakika kumi na tatu na nusu, joto nyuzi ishirini, tikisa kila dakika. Bure!

Mtu hatoi siri yake bure. Ni uongo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejaribu kwa kipande cha filamu kuukuu iliyolala drooni. Nikapima muda kwa saa ya mteja, nzuri, yenye mshale mwekundu wa sekunde. Negativu zimetoka nyeusi tii, zimeiva kupita kiasi. Nikapiga makofi peke yangu: Mfamasia muongo! Ndipo nikakumbuka saa ile imeletwa kutengenezwa kwa sababu inachelewa.

Kipande cha pili nikapima kwa saa ya ukutani. Safi kabisa. Mfamasia kasema kweli. Imeniudhi mpaka jioni.

Ijumaa, 7 Machi

Bahati! Nikiwa na kamera begani, filamu ya Shangazi ndani, namkuta fundi rangi kalala fofofo juu ya ngazi yake mbele ya posta. Kwenye kidato cha chini kakaa paka, macho wazi, analinda. Jua zuri. Hilo ndilo kombe lenyewe! Nikaweka kasi ya kawaida, 400, nikapiga picha kumi na nane. Kumi na nane zilizobaki ni za Shangazi. Haki bin haki.

Mke wangu akasikiliza, kisha akauliza iwapo picha za juani na picha za gizani husafishwa dakika sawa. Akasema yeye hatii mayai na maharage sufuria moja akategemea viive pamoja. Nikamjibu kwamba haya ni mambo ya sayansi. Nikaenda kuketi kitandani.

Kasema kweli. Mkanda ni mmoja, na mkanda husafishwa mzima.

Baadaye: nimepata! Nitaukata katikati. Nusu kwenye kopo hili la kusafishia, muda mfupi; nusu kwenye kopo lile, muda mrefu. Mke wangu kasema mshika mawili moja humponyoka. Nimemwonyesha mikono yangu. Ni miwili.

Jumamosi, 8 Machi

Mfamasia alikuwa nyuma yangu, bila kamera. Eti kaja kusikiliza. Sikumwamini.

Wimbo wa mwisho, Shangazi aliinua mikono, akafumba macho, na kwaya nzima ikashusha sauti hadi kunong'ona. Nikabonyeza. Sikuona vizuri nilichopiga, macho yalikuwa yamejaa maji. Nampenda mama yule.

Jumapili, 9 Machi

Bafuni, dirisha limezibwa kwa blanketi. Makopo mawili yasiyopitisha mwanga yamefanana kama mapacha, kwa hiyo nimeyabandika lebo. PAKA kwa wino mwekundu, SHANGAZI kwa wino wa bluu. Nikazipigia na mistari chini, zimependeza kweli. Nikazima taa. Lebo hazisomeki gizani! Mtu mwenye akili zake angelijua hilo.

Haidhuru, nilikumbuka kopo la Shangazi liko kulia. Nikakata mkanda vizuri tu. Hapo mke wangu akagonga mlango kuuliza kama naoga au nimezama. Nikashtuka, vipande vyote viwili vikaanguka kwenye beseni. Nikavipapasa. Urefu sawa. Haki bin haki! Mkono wa kulia ukaniambia: Shangazi ni mimi. Nikatia cha kulia kopo la kulia, cha kushoto la kushoto, nikafunga, nikawasha taa.

Ndani ya kila kopo kuna nani? Mungu ndiye ajuaye. Nikikosea, Shangazi atatoka kivuli, na mara ya mwisho hairudiwi. Mke wangu akasema kupitia mlangoni: vipe vyote dakika nyingi. Paka ataungua, lakini Shangazi atapona.

Niliketi juu ya ndoo. Kusema kweli niliwaza kombe, tena kwa muda mrefu. Kisha nikakumbuka alivyokuwa akinibeba kwenda mazoezini, ananilaza chini ya kinanda juu ya shali yake, naamka nyumbani. Nikamimina. Kumi na tatu na nusu, yote mawili.

Negativu zilipokauka nikachapa picha. Katokea! Mikono juu, macho yamefumbwa, mikunjo yote ya uso inaonekana, na chembe za filamu zimetanda nyuma yake. Nimemwita mke wangu na mwangwi wa bafu ukaniitikia.

Paka ni mweupe kama chaki.

Na jambo jingine. Shangazi alikuwa kwenye kopo la SHANGAZI.

Jumatatu, 10 Machi

Shangazi ameichukua picha, akaisogeza dirishani. Kisha kasema, kumbe nilikuwa hivi. Kaniita mwanangu. Nikamwomba niipeleke mashindanoni. Kasema hii ni yake, si ya kombe, akaitundika ukutani papo hapo.

Jumatano, 12 Machi

Nimepeleka paka. Jaji kauliza kama ni eksirei. Nimekuwa wa nne kati ya wanne. Mfamasia kachukua kombe mwaka wa nne.

Lakini! Mfamasia alimpelekea Shangazi dawa ya macho jana, akasimama mbele ya ukuta ule mpaka chai ikapoa. Leo kasema hajawahi kupiga picha kama ile. Kaniuliza niliisafisha vipi. Nikamwambia ni siri ya familia. Kanipa mkanda wake mmoja uliobaki, bure. Si mtu mbaya sana, Mfamasia.

Alhamisi, 13 Machi

Nimetafakari na nimejifunza. Mkono wa kulia ulikuwa umepatia! Ningeuamini, leo kungekuwa na Shangazi ukutani na paka mwenye kombe. Kosa langu lilikuwa kusikiliza watu wa nje ya mlango.

Jumamosi kwaya inampokea kiongozi mpya, ukumbi ule ule, na Shangazi ameniomba nimpige picha huyo naye. Mkanda wa Mfamasia tayari umo kwenye kamera. Asubuhi hii nimemkuta yule paka juu ya sanduku la barua, jua zuri. Nimepiga kumi na nane.

Lebo sibandiki tena. Za nini?