Joka la Bwana Shu na Langu

Alhamisi, 23 Januari 2025
Bwana Shu wa ghorofa ya nne kaja tena mgahawa wa chai na mjukuu wake mgongoni. Kamvika kofia yenye pembe za joka. Meza nzima ikaacha mchezo wa majong kumchekea. Mimi nilikuwa nakaribia kushinda.

Nikawakumbusha, kwa upole, kwamba mtoto yule alizaliwa siku chache kabla ya mwaka mpya uliopita. Yaani ni Sungura, kwa kuwa kila mwaka wetu wa Kichina una mnyama wake, na Joka, anayetamaniwa kuliko wote, alikuwa hajaingia. Shu akasema wapiga ramli huhesabu mwaka tangu majira ya kuchipua yanapoingia, na wakati huo yalikuwa yameshaingia. Nikasema mwaka mpya ni mwaka mpya, hata mtoto wa chekechea anajua. Wote wakakubaliana nami. Kisha wakaendelea kumchekea.

Mkamwana wangu Peiru, mke wa Lei, yuko mbioni kujifungua. Mwaka wa Joka unakwisha Jumanne. Mtoto akichelewa, ni Nyoka. Akiwahi, nitakuwa na joka halisi, na Shu abaki na sungura wake mwenye pembe.

Jumamosi, 25 Januari
Nimesikia ngazi huharakisha uzazi. Nikabandika tangazo mlangoni mwa lifti: Mbovu. Peiru alipoliona, akarudi kitandani na machungwa yake, akashinda huko.

Mimi nikatoka sokoni na gunia la mchele. Shu alikuwa amesimama mbele ya lifti, analisoma tangazo. Ningefanyaje? Nikapanda kwa miguu hadi ghorofa ya tisa. Shu alinisindikiza hadi ya nne akinipa pole.

Jumanne, 28 Januari
Mkesha wa mwaka mpya. Nimempikia Peiru samaki wa pilipili inayotoa machozi. Kala, kaomba tena. Hakuna dalili yoyote.

Baada ya chakula nikasogea karibu na tumbo, nikamsihi mjukuu ajitahidi. Peiru akaniambia, "Baba, mwache naye ale sikukuu." Mke wangu akasema, "Baba Lei, ukitaja joka tena, chakula chako utakilia kwenye ngazi."

Jumatano, 29 Januari
Kazaliwa alfajiri. Msichana, mzima, na mama yake mzima. Nyoka.

Nilipompakata alinishika kidole, na kwa muda nikamsahau Shu. Kisha simu ikalia. Ujumbe wake: "Hongera Mzee Gong. Nyoka naye ni joka dogo." Nimeusoma mara nyingi. Hilo neno "dogo" halikuwa na lazima.

Jumamosi, 1 Februari
Nimesoma mchana kutwa asili ya wanyama hawa wa miaka. Majina yao yamekutwa kwenye vipande vya mianzi, ndani ya makaburi ya zaidi ya miaka elfu mbili. Nani aliwachagua, hakuna ajuaye kwa hakika. Watu wanapenda zaidi hadithi ya mfalme wa mbinguni aliyewapanga kwa mashindano ya kuvuka mto, panya akidandia mgongo wa ng'ombe.

Lakini ukurasa mmoja ulinifanya nisimame. Kwa hesabu ya wapiga ramli, majira ya kuchipua yanaingia Jumatatu. Mjukuu wangu amezaliwa kabla. Ni Joka!

Nikakimbilia mgahawani na ndala, nikatangaza. Nikaeleza hesabu yote, nikasema wanaohesabu kwa fataki za mwaka mpya hawajasoma. Shu akainuka taratibu, akanikumbatia.

"Ndugu yangu," akasema, machozi yakimlengalenga, "mwaka mzima nimengoja useme hivyo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa hesabu hiyo, wake pia ni Joka. Nimemthibitishia mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wote. Meza ikapiga makofi. Shu akawanunulia wote chai. Yangu niliinywa kwa shida.

Jumanne, 4 Februari
Mke wangu kaniapisha kwamba nimeacha. Nimeacha kweli. Majoka ni mawili, jengo lina amani, na Shu ni jirani mwema. Wivu ni upumbavu wa vijana.

Ila leo mjukuu wake katembea. Hatua kadhaa, peke yake, kutoka meza hadi meza, watu wakipiga vigelegele.

Peiru kalala. Nimemchukua mtoto, nimemlaza mapajani, nimeshika miguu yake. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Mke wangu anauliza toka jikoni nafanya nini. Nimemjibu tunacheza.