Mihuri Mitatu ya Théodore

Théodore Kazadi hakuwahi kumwibia mtu; watu walimpa wenyewe, kisha wakamshukuru. Aliposikia wazazi sokoni Kikula wakiulizana kama shule ya Maman Stéphanie inatambuliwa na serikali, alikimbilia nyumbani kuvaa tai.

"Maman directrice, masomo yako haina agrément ya serikali," alimwambia. "Banaweza kuifunga leo."

"Tutafanya namna gani, papa inspecteur?"

"Minye nakuya kusaidia batoto."

Alikagua choo, akasikitika sana, akapokea bahasha. Baada ya wiki cheti cha kutambuliwa kilitundikwa ukutani, kina mihuri mitatu. Serikali yenyewe hutosheka na mmoja, lakini Théodore hakuwa bahili. Kisha akaenda Kolwezi, akakaa miezi minane akiidhinisha zahanati.

Aliporudi Aprili, mkewe Bénie alimpokea kwa fahari.

"Nilimutoa Hadassa ku masomo ya mission, nikamupeleka kwa Maman Stéphanie. Kule karatasi iko na kashe moya tu. Huku iko na tatu!"

Théodore alikaa chini. Hadassa alikuwa darasa la sita, na shule isiyotambuliwa haina ruhusa ya kupeleka mtoto kwenye mtihani wa taifa. Mwaka mzima wa binti yake ungepotea, binti ambaye yeye Théodore hakuwahi kumdanganya hata kwa pipi. Aliona aibu, jambo geni kwake.

Alikwenda mbio kwa Stéphanie. "Maman, ile karatasi haiko ya kweli!"

"Najua," alijibu, akiendelea kusahihisha madaftari. "Inspecteur wa kweli anaikala, anakunywa Fanta, anaomba registre. Weye uliangalia choo."

"Sasa juu ya nini ulilipa?"

"Bazazi balikuwa banataka karatasi ya kuona. Baliiona, masomo ikajaa."

"Na examen ya Hadassa?"

Stéphanie aliweka kalamu chini. "Ku Shituru iko masomo yenye agrément. Banaweza kumuandika ku liste yabo. Lakini nafasi ni moya, na enveloppe inapashwa kuwa nzito kupita ile nilikupatia."

Théodore hakubishana. Aliuza pikipiki yake, akaleta bahasha siku ileile.

Jioni alimwambia Hadassa asiogope, mtihani ataufanya.

"Kuogopa nini, papa?" mtoto alishangaa. "Balituandika kule Shituru tangu Januari, shiye bote. Maman directrice anafanyaka vile kila mwaka."

Théodore alimkumbatia kwa furaha ya kweli. Kisha hasira ikampanda, akavaa viatu kwenda kumshtaki Stéphanie kwa polisi. Alipofika mlangoni akafikiria swali la kwanza ambalo wangemuuliza: yeye ni nani, na anafanya kazi gani. Akarudi kuketi.