Siku Jemadari Alipokataa Maini

Enyi mlioketi barazani Chemchem, mjini Tabora, nanyi mpitao na baiskeli kwenye njia ile ya kale iliyochoshwa na nyayo za wapagazi wa pembe za ndovu, tueni mizigo! Zimeni redio! Inakuja habari ya Anselm Lugembe, fundi wa baiskeli, mnyooshaji wa rimu, kiboko ya pancha, na adhuhuri aliyosimama peke yake mbele ya mafiga matatu kumpikia mbwa.

Sikieni walimwengu,
vita visivyo vya rungu,
silaha yake ni chungu
na mwiko wa kusongea.

Mbwa huyo aliitwa Jemadari. Zamani mtaa mzima ulimpisha njia. Lakini miaka ya ugali mkavu na mifupa iliyokwisha kunyonywa ilimvua utukufu: manyoya yakamtoka mabaka mabaka, mbavu zikajipanga kama spoku, na wiki ile hata ugali akawa hautaki. Koleta, mke wa shujaa, akachoka kuona.

"Mahona anakuja leo," alisema, akimtaja mdogo wake wa Isikizya. "Atamchukua akalinde karanga shambani. Huko angalau atajikamatia panya. Mimi siwezi kumtazama akifia uani."

Anselm akajipiga kifua. "Mke wangu! Bwana mifugo kampima, kasema huyu haumwi ugonjwa, anaumwa sahani! Anataka nyama, nafaka na mboga, kila kimoja kwa kiasi chake. Nipe adhuhuri moja!"

"Haya. Akila chakula chako, abaki. Asipokula, pikipiki ya Mahona ina nafasi. Na sufuria zangu usiguse."

Ndipo shujaa akakitwaa chungu cha zamani chenye mdomo uliomeguka, akakipandisha motoni. Maini yakaingia kwanza, yakapiga kelele, yakanyamaza. Likafuata jeshi la mchele, kisha kikosi cha boga, na mchicha ukaja nyuma kama mkia wa msafara. Maganda ya mayai aliyatwanga yakawa vumbi, akayanyunyiza yakaimarishe mifupa. Chumvi aliifukuza. Kitunguu hakukikaribisha hata kizingitini, kwa kuwa bwana mifugo alikitaja kuwa sumu kwa mbwa.

Bi Mwanamkuu, jirani muuza vitumbua, akachomoza kichwa juu ya ua.

"Baba Yustina, mbona sisikii kitunguu?"

"Huu ni mlo kamili wa Jemadari! Hauna kitunguu wala chumvi!"

"Masikini wa Mungu. Kakukosea nini?"

Mara pikipiki ikaunguruma, Mahona akaingia, kamba begani. "Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, ewe mjumbe wa Isikizya! Keti ushuhudie!"

Chakula kilipopoa kikamiminwa kwenye sinia. Jemadari akajikongoja, akanusa, udenda ukamshuka uzi mrefu. Kisha akarudi nyuma, akalala, kidevu juu ya miguu.

"Kula, ewe simba wa Unyanyembe!" akanguruma Anselm. "Maini haya yametolewa mhanga kwa ajili yako! Inuka, uwaaibishe wanaokuchimbia kaburi!"

Mbwa akapepesa macho.

Mahona akaanza kuikunjua kamba. "Shemeji, mwachie. Kwetu mbwa hasomewi hotuba."

Moyo wa shujaa ukashuka hadi kwenye ndala. Akachuchumaa, akamtazama rafiki yake. Udenda bado ulikuwa unatiririka, njaa ipo. Basi kinachomzuia ni nini? Akayafuata macho yake, akaona yametua kwenye mkeka mtupu ukumbini.

Ndipo alipoelewa. Katika nyumba ile watu hula kwanza. Koleta akishagonga mwiko kwenye chungu, ndipo mbwa husogea. Anselm mwenyewe ndiye aliyemfunza, kwa makofi ya pua, tangu akiwa kitoto. Na leo nani alikuwa amekula?

Akanawa mikono. Akautandika mkeka uani, akaketi, akalivuta sinia, akamega.

"Astaghfirullahi!" akapaza sauti Bi Mwanamkuu. "Baba Yustina, hicho cha mbwa!"

Boga lilikuwa chapwa, maini chapwa, na maganda ya mayai yakalia menoni kama mchanga. Machozi yakamlenga shujaa, lakini akameza. Jemadari akasimamisha sikio moja. Hakusogea. Sasa alikuwa akimtazama Koleta.

Koleta akaiangalia kamba, akamwangalia mdogo wake, akamwangalia mbwa.

"Mtu mzima na akili zangu," akasema, akaketi kando ya mumewe. Akachagua kipande cha ini, akakitafuna taratibu kama anayekula kiapo. "Halina ladha kabisa hili."

"Halina, malkia wangu."

"Nyamaza."

Akashika mwiko, akagonga ukingo wa chungu: ko, ko!

Jemadari akaja kama mvua ya radi. Sinia likaburutwa uwanja mzima likilambwa, mpaka likagota ukutani.

"Sasa mimi narudi mikono mitupu?" akauliza Mahona.

"Ukoko umebaki," akajibu dada yake. "Nawa."

Basi waandikao habari za Tabora, wakishamaliza za watawala na wafanyabiashara wa pembe, waache nafasi ya mstari mmoja: kwamba adhuhuri ile, Chemchem, pasipo tone la damu, maini yalitwaa ushindi, na Jemadari, tumbo limetuna kama ngoma, alibweka kwa mara ya kwanza tangu masika, akamtimua jogoo wa Bi Mwanamkuu hadi barabarani, mwenye jogoo akilaani na mwenye mbwa akilia kwa furaha.