Tofauti ya Mwizi na Laghai

Watu wa mjini walimwita Asali kwa sababu ya ulimi wake. Mwenyewe alijiita laghai, na alilitamka neno hilo kama wengine wanavyotamka "daktari". Ole wako umwite mwizi! Angekusimamisha njiani akufundishe lugha.

"Mwizi anachukua," angesema. "Laghai anapewa. Anapewa kwa mikono miwili, na shukrani juu. Ukishukuriwa, hukuiba."

Elimu yote hiyo ilitegemea suti moja ya kijivu. Ndani ya suti, Asali alikuwa afisa, mkaguzi, hata mchumba wa watu. Bila suti, alikuwa mtu mrefu tu mwenye maneno mengi. Aliipenda kuliko ndugu zake, ambao kusema kweli nao hawakumpenda.

Mchana mmoja, akipita mtaa wa mafundi, aliona ndani ya duka la ushonaji cherehani ya mkono, nyeusi, inang'aa. Kando yake amekaa mama mmoja mnene, peke yake, anajipepea kwa kipande cha kitambaa. Asali akakaza tai, akaingia.

"Shikamoo, mama. Natoka kampuni ya cherehani. Tunakusanya za zamani, tunaleta mpya za umeme. Bure, ila mwisho ni leo."

"Marahaba, mwanangu. Bure kabisa?" Macho ya mama yakawaka. "Basi ichukue!"

"Nichukue?" Asali alikunja uso. "Hapana, mama. Nipe wewe."

Mama akaifunga kwa kitambaa, akamkabidhi kwa mikono miwili, akashukuru wee. Asali alipogeuka kuondoka, mama akaguna.

"Lo! Mwanangu, koti limefumuka mgongoni. Na suruali nayo, huku nyuma... naona haya kusema. Mtu wa kampuni anatembea hivyo?"

Asali alishtuka kama aliyeambiwa mtoto wake anaumwa. Akaweka mzigo mezani.

"Ingia nyuma ya pazia, uvue. Nashona kwa mkono sasa hivi."

Akavua. Akapitisha koti juu ya pazia, kisha suruali, polepole, zisijikunje.

"Ahsante sana, mama. Mungu akubariki."

"Amina, mwanangu."

Asali akasubiri huku akipiga mluzi. Alimaliza wimbo mmoja, akaanza wa pili, ndipo pazia likafunguliwa na mwanamume mfupi mwenye utepe wa kupimia shingoni.

"We nani, na nguo zako ziko wapi?"

"Anazo mama fundi."

"Mama fundi gani? Fundi ni mimi! Yule ni mteja tu. Kaniona nina njaa, akasema, 'Nenda ukale, mwanangu, duka nitakulindia.'"

Wote wawili wakatazama meza. Haikuwa na mzigo, wala suti.

"Tumeibiwa!" fundi akapiga yowe.

Asali, aliyebaki na shati, chupi na tai, akainua kidole. Uchungu wa suti yake ulimchoma, lakini msomi ni msomi.

"Hatukuibiwa, kaka. Mwizi anachukua. Mimi nimempa mwenyewe, kwa mikono miwili, na nikamshukuru."

Fundi akajitupa kwenye kiti.

"Hata mimi nilimshukuru," akasema.