Mawe Bapa na Kontena Langu la Kivulini

Jumatatu, 4 Machi
Balaa! Shemeji, mume wa dada na mtafiti wa mawe yanayoporomoka mgodini, kesho ataangusha mawe kutoka juu ya ukuta wa shimo aone yanafika wapi. Yakifika kwenye kontena langu, stoo ya helmeti, nahamishiwa juani. Mimi! Hapa nilipo kuna kivuli mpaka jioni na simu inashika mtandao vizuri. Dereva wa kijiko, ile mashine ya kuchimbia, amenipa pole mapema. Anakitaka kivuli hicho, namjua. Nimejitolea kuchagua mawe. Nimeokota bapa tupu. Bapa litabingirika vipi?

Jumanne, 5 Machi
Sielewi. Yamegonga ukuta, yakasimama kwa ukingo, yakaja mbio kama magurudumu. Moja limebisha hodi mlangoni kwangu! Shemeji kafurahi ajabu, kaniuliza nilijuaje kwamba bapa ndiyo ya hatari. Nikasema uzoefu. Dereva wa kijiko akanipigia makofi. Ya nini?

Jumatano, 6 Machi
Nimedamka kuyarudisha mawe karibu na ukuta kabla hayajapimwa. Mgongo jamani! Shemeji kanikuta nimekumbatia jiwe. Nikamwambia nafanya usafi. Hakufoka, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Kasema nimesimama pale pale asipotaka mtu asimame, na kwamba likinipata la kunipata atamwambia nini dada yangu. Kontena linahama Ijumaa.

Alhamisi, 7 Machi
Nilikuwa chooni. Kishindo! Kurudi, paa limetoboka, kiti changu hakitambuliki, na jiwe kubwa limekaa mahali pangu. Hakuna aliyelisukuma, limeng'oka lenyewe. Shemeji alikuwa anafukua helmeti kwa mikono, analia, ananiita. Dereva wa kijiko naye analia! Yule yule! Waliponiona wakanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Dada kapiga simu, akalia, akanitukana, akalia tena. Niliogopa sana.

Ijumaa, 8 Machi
Wamekuja na winchi kulihamisha kontena. Nimesimama mlangoni, nimekataa. Nimewaza usiku kucha, na jambo liko wazi kabisa. Jiwe lililokuwa limelegea ndilo hilo, na limeshaanguka. Sasa mgodi mzima hakuna mahali salama kama hapa! Tena tundu la paa linaingiza upepo mzuri. Nimemweleza Shemeji taratibu, hatua kwa hatua. Ameketi chini, kashika kichwa kwa mikono miwili. Nadhani anapiga hesabu zake upya.