Ombi la Kumwangusha Lydie Mtihani

Bukavu, Nyalukemba, Novemba 2000

Mheshimiwa Bwana Doyen, mkuu wa Fakulte,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wa nyumbani kwako, na kwamba risasi za juzi hazikufika upande wenu. Mimi ni Zagabe Honoré, mwalimu wa historia, baba mzazi wa Lydie, anayesoma kwenu ile licence, shahada ya heshima ya maendeleo endelevu, ambayo mwanafunzi mmoja hufundishwa na fakulte nne kwa pamoja. Nakuandikia kwa unyenyekevu nikuombe umwangushe. Najua ana akili. Ndiyo maana nahitaji msaada wa wakubwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Lydie alipaswa kwenda Luberizi kuchunguza mashamba ya mpunga. Mashamba yakageuka kambi ya askari, na profesa wake akamwambia achague eneo la utafiti linalofikika. Akachagua nyumba yangu. Tangu hapo mimi si baba tena, ni eneo la utafiti. Aliniuliza habari za kiwanja chetu, kalamu mkononi: «Papa, mu deux mille cinquante, hii parcelle yetu itakuwa namna gani?» Mwaka 2050! Bwana Doyen, mimi nilikuwa nawaza kufika Alhamisi tu.

2. Huo mchanganyiko wenu wa fakulte. Wa kilimo amemfundisha kwamba maganda ya ndizi ni mbolea, wa uchumi kwamba makala ya kupikia, yaani mkaa, ni hasara, wa sosholojia kwamba mama wa nyumba aulizwe kwanza, na wa sheria kwamba watu ambao hawajazaliwa wana haki zao. Basi mezani kwangu wajukuu ambao hawajazaliwa wana sauti kunishinda. Nikiomba sombe, majani yetu ya muhogo, ikae motoni mpaka iive, naambiwa nawamalizia msitu. Na kama mchanganyiko ndio elimu, mbona sisi tulihitimu zamani? Asubuhi nafundisha historia, mchana nauza dagaa wa sambaza, Jumamosi natengeneza redio za watu. Profesa wenu wa sheria anafuga nguruwe. Hakuna aliyetutunuku heshima yoyote.

3. Nimesoma syllabus yake kwa siri, nikitafuta kosa. Imeandikwa kwamba kitu endelevu ni kile kinachojilisha chenyewe kwa mali ya mahali, kinachowashirikisha vijana, na kinachoweza kurithiwa na kizazi kijacho. Nimelipekua jimbo zima kichwani, toka dhahabu ya Luhwindja mpaka bandari yetu hapa, nikapata kimoja tu kinachotimiza masharti yote: vita. Kwa nini basi mnawasumbua wanafunzi, wakati wenye kukiendesha wako mjini na hamjawapa hata diploma?

4. Hapa ndipo panaponiuma. Unajua kama mimi kwamba kila nyumba Bukavu ina mfuko wake mlangoni, wa kukimbia nao vita ikifika. Wetu ulikuwa na turubai, sufuria, blanketi na vyeti vyetu ndani ya plastiki, na haukufunguliwa tangu turudi kutoka porini tulikokimbilia ile vita ya kwanza. Lydie ameufungua! Turubai amelifanya kivuli cha miche ya avoka, hayo maparachichi, kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Sufuria ni ya kumwagilia. Blanketi amelitandika kitandani, eti ndipo mahali pake. Nilipofoka, mke wangu Georgette alisema tu: «Achia mutoto asome, Zagabe. Hata miye ile mufuko ilikuwa imenichokesha.»

5. Dada yangu Agathe yuko Kigoma na ametuandalia chumba. Bwana Rashidi, mfanyabiashara wa Uvira, ametushikia nafasi kwenye boti. Lydie amekataa. «Papa, miti haiwezi kimbia. Nani ataichunga?» Sasa Georgette haondoki bila Lydie, nami siondoki bila Georgette. Familia nzima imefungwa na miche isiyofika magotini. Bwana Doyen, naogopa. Kaka yake, Mugisho, tulimzika kando ya njia bila sanduku, na sina moyo wa kuzika mwingine.

Kwa hiyo naomba Lydie apewe sifuri katika masomo yote, na fakulte zote nne zitie sahihi, asije akapata pa kukatia rufaa. Ikishindikana, fungeni hayo masomo mpaka amani irudi. Somo la kesho lifundishwe kesho ikifika.

Nisalimie maprofesa wote wanne, karani wako, na wale nguruwe. Upokee, Mheshimiwa Doyen, heshima za mzazi aliyechoka kuulizwa.

Zagabe Honoré

P.S. Barua hii imechelewa. Nilitaka kwanza niing'oe hiyo miche Lydie akiwa kwenye mtihani wenu. Jua lilikuwa kali na majani yamelegea, nikaona si vizuri kung'oa kitu chenye kiu. Nikaimwagilia. Kesho yake nikaikuta imesimama, nikaimwagilia tena. Katika shughuli hizo boti ya Bwana Rashidi imeondoka.

Kuhusu sifuri, ngojeni kwanza. Mwulizeni yule wa kilimo: kati ya avoka na avoka niache hatua ngapi? Umebaki mche mmoja, nataka kuupanda nje ya mlango, upande ule ulipokuwa mfuko. Wanasema huzaa baada ya miaka mitano hivi. Nimeshamwandikia Agathe kwamba sisi hatuji, ila avoka tutamtumia.